Kalenda aliyoiacha mpangaji

Kitabu ninachokihakiki leo hakina jina la mwandishi, na sidhani kama kuna duka la vitabu nchini linalokiuza. Ni kalenda ya kuchana, ile yenye karatasi moja kwa kila siku, ya mwaka 2019, na imechapwa kwa Kitamil. Nimeikuta nyumbani kwa mama, Kinyangiri, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida. Karatasi za kuanzia Julai hadi mwanzoni mwa Novemba zimechomekwa kwenye waya kama risiti za dukani, na nyuma ya kila moja mama ameandika kitu kwa kalamu. Nimezisoma kwa majuma kadhaa, mbele na nyuma. Ni muda mrefu sijasoma maandishi yaliyonisuta namna hii.

Kwanza nieleze imefikaje huko. Msimu wa dengu wa mwaka ule alikuja mnunuzi kutoka India ya kusini, akapanga chumba cha uani kwa mama. Mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Wakakubaliana mama ampikie mchana na usiku, yeye alipe mwisho wa mwezi kwa idadi ya sahani. Siku ya kwanza mama alifanya ambacho nyumba yoyote ya Singida ingemfanyia mgeni: alichinja kuku. Mgeni akaitazama sahani, akaunganisha viganja vyake, akasema, "Samahani mama, hapana." Akala ndizi mbili, akaenda kulala.

Kwetu kukataa kuku ni kukataa nyumba. Mama alinipigia simu usiku uleule. "Mwanangu, huyu mtu kaniona mchafu." Kesho yake mgeni akaomba apikiwe kwenye sufuria mpya ambayo haijawahi kuingia nyama, na hapo ndipo mama alipokasirika kabisa. Lakini kodi ya chumba ilikwisha lipwa na ilikwisha tumika. Sufuria ikanunuliwa.

Halafu yakaja mengine. Kuna siku hakula wali wala ugali, akashinda na maziwa na matunda. Kuna asubuhi aliweka wali juu ya ukuta wa ua, akasimama kando na tumbo lake tupu, akamsubiri kunguru. Kunguru alipodonoa, naye akaingia kula. Majirani waliona. Kijijini jambo la namna hiyo halikai siku mbili bila kupewa jina, na jina walilolipa mnalijua: eti Mhindi anaroga dengu zetu zishuke bei.

Na kuna mizani. Kila Jumanne, ikifika saa tisa alasiri, alisimamisha upimaji. Watu wamepanga magunia tangu asubuhi, jua linawaka, yeye anakaa kwenye kiti mlangoni mwa ghala, hapimi, hatoi pesa. Saa kumi na nusu anainuka, kazi inaendelea. Wakulima wakaelewa walivyoelewa: anatuchosha tukubali bei yake.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini, ripota wa gazeti. Nikawapigia simu wakulima wawili, nikaandika habari kuhusu wanunuzi wa mikunde wanavyowachezea wakulima, na nikaweka aya moja juu ya mnunuzi Kinyangiri anayesimamisha mizani makusudi wakati wa jua kali. Sikumtaja jina. Ila Kinyangiri msimu ule mnunuzi Mhindi alikuwa mmoja. Namba yake ya simu ilikuwa kwenye simu ya mama yangu, na yeye mwenyewe alikuwa analala hatua ishirini kutoka kitanda nilichozaliwa. Sikumpigia.

Sasa turudi kwenye kalenda. Rafiki yangu anayekisoma Kitamil alinisaidia kuifungua. Kalenda nyingi za aina hii huchapwa Sivakasi, mji wa jimbo la Tamil Nadu unaojulikana pia kwa viberiti na fataki. Katikati ya karatasi kuna namba kubwa ya tarehe hii yetu ya kawaida. Kuizunguka kuna maandishi madogo madogo: mwezi wa Kitamil na tarehe yake, siku ya mwezi wa angani, nyota ya siku hiyo, saa njema na saa mbaya. Na kila karatasi ya Jumanne imechapwa kitu kilekile: muda wa Rahu, saa tisa hadi saa kumi na nusu.

Rahu ni sayari ya kivuli katika elimu ya nyota ya Kihindu, yule anayemeza jua na mwezi siku ya kupatwa. Kila siku ana saa moja na nusu yake, na saa hiyo hubadilika kwa mpangilio maalumu: Jumatatu ni saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi, Ijumaa ni saa nne na nusu hadi saa sita mchana, Jumanne ndiyo hiyo. Mtu anayeshika mambo haya haanzi jambo la maana katika muda huo. Hafungui duka, hasafiri, hafungi mkataba. Kumbe ushahidi wa kuivunja aya yangu ulikuwa umetundikwa ukutani kwa mama, umechapwa, na unarudiwa kila juma.

Sisemi kwamba mizani yake ilikuwa ya haki. Mtu anaweza kumwogopa Rahu saa tisa na kumpunja mkulima saa kumi na moja. Watu wa dini zote tunalijua hilo. Ninachosema ni kwamba nilipoona Mhindi na mizani, nilikuwa nimekwisha jua hadithi yote. Sikuhitaji kumuuliza kwa sababu nilikuwa nimemsoma tayari. Na swali langu kama mhakiki ni hili: nilimsoma wapi?

Nilimsoma kwanza katika methali. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Hayo ndiyo maandishi mafupi na yanayojulikana kuliko yote ambayo Kiswahili kimewahi kuyatunga juu ya Mhindu, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuyakamilisha ukimwanzia. Tumefundishwa kuyaeleza kwa utulivu: usimdharau mtu, huenda ana kitu kitakachokufaa. Sawa. Lakini tazama imejengwaje. Mtu ni mbaya, hilo halijadiliwi. Kinachofaa ni kitu chake. Na neno lenyewe, Baniani, limetokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara. Tulichukua jina la kazi tukaligeuza kuwa jina la dini. Mhindu aliingia katika lugha yetu akiwa ameshika mizani, na lugha haijawahi kumwomba aiweke chini.

Kisha nilimsoma, au tuseme nilimkosa, katika riwaya. Mhusika wa Kihindi anayependwa kuliko wote katika riwaya ya Kiswahili bila shaka ni Yasmin wa Shafi Adam Shafi katika Vuta N'kuvute, riwaya iliyotoka 1999 na ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021. Ni mhusika mzima: anaozwa kwa mzee Raza, anatoroka, anampenda Denge, mama yake mzazi anamfukuza. Naipenda riwaya hiyo na nitaendelea kuipenda. Lakini Yasmin na Raza, majina yenyewe yanasema, ni Waislamu. Kwa dini, msomaji wa Zanzibar yuko nyumbani. Mpaka anaovuka Yasmin ni wa rangi na wa tabaka.

Yuko pia Kalasinga katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Kalasinga ni fundi, ni Singasinga, na marafiki zake Waislamu wanabishana naye juu ya Mungu mpaka usiku. Ana ndoto ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili wenzake wajue wanachokisoma. Hapo angalau tunamwona asiyekuwa Mwislamu wala Mkristo akiwa na dini, akiitetea, akiwachokoza wengine kwayo. Lakini hata Kalasinga tunamsikia akibishana zaidi ya kumwona akiabudu. Na Singasinga si Mhindu.

Ukitaka Mhindu mzima, mwenye bibi na babu, itabidi uende kwenye Kiingereza, kwa M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, katika riwaya yake ya 2003 inayosimuliwa na Vikram Lall, mtoto wa Nakuru. Yaani ili Mtanzania wa Singida amjue jirani aliyekaa naye zaidi ya miaka mia, anapaswa kwanza ajue lugha ya tatu.

Kuna watakaonijibu kwamba mwandishi huandika anachokijua, na Wahindu wenyewe walijifungia: hekalu lao, shule yao, jiko lao, ndoa zao. Ni kweli, sufuria mpya ya mama ni ushahidi wa hilo. Watasema pia kwamba historia iliwaondoa machoni petu. Hilo nalo ni kweli. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 yalikuja mambo kwa mfululizo: mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi. Familia nyingi za Kihindi zilikwenda mijini, nyingine zikaenda Uingereza na Kanada. Kwa hiyo kizazi changu cha waandishi kilichozaliwa bara hakikumwona Mhindi wa duka la kijijini. Kilimrithi katika masimulizi ya wazee, na katika masimulizi hayo alikuwa amebaki na vitu vitatu: kaunta, mizani, na daftari la madeni.

Chukua basi hilo daftari, kwa sababu ndicho chombo tunachodhani tunakijua. Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindu wa Afrika Mashariki, Diwali ndiyo siku ya kuombea daftari jipya la hesabu. Linawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, linapakwa alama nyekundu, linaombewa, na mwaka mpya unaanza siku inayofuata. Daftari ambalo babu zetu waliliogopa, lenye majina yao na madeni yao ya chumvi na mafuta ya taa, mara moja kwa mwaka lilikuwa kitu cha ibada nyuma ya mlango uliofungwa. Hebu fikiria riwaya ya Kiswahili ingefanya nini na mlango huo: mdaiwa upande mmoja, mwenye kuomba upande wa pili, na jina la mdaiwa likiwa katikati ya taa. Sijui riwaya yetu hata moja iliyoufungua.

Na mpangaji wa mama hakuwa hata Mgujarati. Neno "Mhindi" linawameza Wagujarati, Wapunjabi, Wagoa ambao ni Wakatoliki, na Watamil, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye duka moja. Kalenda inawatenganisha. Mwaka wa Mgujarati unaanza baada ya giza la Diwali. Wa Mtamil unafuata jua na unaanza katikati ya Aprili, tarehe 14 mara nyingi. Mgujarati huwasha taa zake usiku. Mtamil sikukuu hiyohiyo, ambayo huiita Deepavali, huianza kabla ya alfajiri kwa kuoga na mafuta na kuvaa nguo mpya. Mama anakumbuka: Jumapili ya 27 Oktoba mpangaji aliamka saa kumi usiku. Jana yake alikuwa ameomba amtafutiwe mafuta ya ufuta, na mama alidhani ni ya kupikia.

Sasa niugeuze upande wa pili wa karatasi, aliouandika mama.

Alikuwa anaweka hesabu, basi. Mpangaji alichana karatasi kila asubuhi na kumpa, na karatasi safi upande mmoja haitupwi. Nyuma yake mama aliandika idadi ya sahani: 2, 2, 1, 2. Siku asizokula aliandika "hakula", ili mwisho wa mwezi asimdai cha bure. Mwanzoni "hakula" ameliandika kwa nguvu, kalamu imekaribia kutoboa karatasi. Kufika Agosti mwandiko umetulia, na limeongezeka neno: "hakula, maziwa". Mara mbili kila mwezi. Tukageuza karatasi hizo tukaangalia mbele: ekadashi, siku ya kumi na moja ya mwezi unaokua na ya kumi na moja ya mwezi unaopungua, siku ambazo wafuasi wa Vishnu hawagusi nafaka wala jamii ya kunde. Ndiyo, hata dengu. Mtu aliyekuja kutoka mbali kununua dengu alikuwa na siku mbili kila mwezi ambazo dengu hazikuruhusiwa kupita kinywani mwake.

Kuanzia nusu ya pili ya Septemba, Jumamosi nne zimeandikwa "mlo mmoja". Mbele yake ni mwezi wa Purattasi, ambao Jumamosi zake Watamil wengi humfungia Perumal, jina lao la Vishnu, na wengine huacha nyama mwezi mzima. Mama hakuijua Purattasi, lakini kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa ameshaandika "mlo mmoja" kabla ya kuambiwa. Nilimuuliza alijuaje. "Si nilikuwa namuona?" akaniambia. "Wewe Ramadhani unaijua kwa kuwaona majirani, au kuna mtu alikufundisha?"

Jibu lake lilinirudisha kwenye lugha yenyewe. Waswahili wa pwani miezi waliihesabu kwa saumu: Ramadhani ikiisha, unaofuata ni Mfunguo Mosi, halafu Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hadi Mfunguo Tisa. Maulidi husomwa Mfunguo Sita, yaani mwezi wa sita tangu watu wafungue. Kando yake kulikuwa na mwaka wa jua, wa Nairuzi, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi kwa ajili ya kilimo na safari za baharini, na ambao Makunduchi bado wanaukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwezi kwa ibada, jua kwa shamba. Ukiyajua hayo, kalenda ya Kitamil yenye mwezi na jua katika karatasi moja haina cha kukushangaza. Lugha iliyoipa miezi yake tisa jina la kufungua saumu ilikuwa na kila kitu cha kumwelewa jirani anayefunga. Ilikosa waandishi wa kugeuza kichwa.

Kalenda ile, kwa upande wake, ilikuwa imegeuza kichwa. Kwenye karatasi zilezile za Kihindu zimo tarehe za Kiislamu, na zimo sikukuu za Waislamu na za Wakristo. Mchapaji anajua kwamba mnunuzi wake ana majirani. Kwetu sikukuu za mapumziko ni za Kiislamu, za Kikristo na za kitaifa, Diwali haimo. Sidai iwemo, hilo ni la wabunge. Nasema tu kwamba mtu hujifunza adabu kwa kuona siku ya mwenzake imeandikwa ukutani kwake.

Karatasi tatu zina maneno mengine: "kunguru kwanza". Mojawapo ni ya 31 Julai na nyingine ni ya 28 Septemba. Zote ni siku ambazo mwezi hauonekani kabisa angani, na hizi mbili ni kubwa: giza la mwezi wa Aadi na giza la Purattasi. Katika siku hizo Watamil huwakumbuka wafu wao kwa maji na ufuta, na chakula huwekewa kunguru kabla mtu wa nyumbani hajala, kwa kuwa kunguru huhesabiwa kuwa anakuja kwa niaba ya wazee. Rafiki yangu aliniongezea jambo moja: mwanamume ambaye baba yake yu hai hafanyi ibada hiyo ya maji.

Nilikaa na karatasi hiyo mkononi muda mrefu. Kalenda ilikuwa imenieleza juu ya mtu huyu jambo ambalo mimi, mwandishi wa habari, sikuwa nimelitafuta: alikuwa yatima wa baba, na tarehe 31 Julai alisimama uani kwetu na njaa yake, akimsubiri baba yake aje ale. Huku majirani wakisema anaroga. Huku mimi nikijiandaa kuandika kuhusu mizani. Hicho ndicho ninachokidai kwa riwaya zetu. Wahusika wa Kihindu walio wema hawatatusaidia kitu. Methali ya Baniani haitatibiwa kwa Baniani mtakatifu. Ninataka mhusika mwenye bei mbaya na baba aliyekufa kwa wakati mmoja, anayeweza kunipunja na kufunga katika juma lilelile, kama sisi tunavyoandikwa.

Mambo haya yana uzito mashambani. Agosti 2017 India iliwekea mbaazi kutoka nje kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, na bei huku kwetu ikaporomoka kiasi kwamba kuna wakulima walioziacha zikaukia shambani. Tulisema "Wahindi wametufanyia" kana kwamba Wahindi ni mtu mmoja aliyeamka na hasira. Bei ya dengu zetu inategemea uamuzi wa serikali yao, mavuno yao, na pia majiko yao: unga wa dengu wa peremende za Diwali, dengu za kuchemsha wanazogawiana Watamil katika siku tisa za Navaratri. Mkulima wa Kinyangiri hulima kwa kufuata sikukuu ambazo hajawahi kuambiwa majina yake. Waandishi wa habari tungeweza kumwambia. Tumeandika bei tu.

Nilimsomea mama kalenda yake jioni moja, karatasi kwa karatasi. Alisikiliza huku akichambua mchele. Nilipofika kwenye kunguru nikamweleza habari za baba, nikitegemea ashangae.

"Najua," akasema. "Alikuwa anatambika. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza?"

Akaendelea kuchambua. Halafu akanieleza ambalo hakuwahi kunieleza. Gazeti lenye habari yangu lilifika ghalani, kijana mmoja akalisoma kwa sauti, watu wakacheka. Mpangaji akaja nalo nyumbani, akamuomba mama amtafsirie ile aya waliyoichekea. Mama aliona jina langu juu ya habari. Akamwambia, "Ni mambo ya bei tu, baba."

Ndipo nikaona pia kwamba zile karatasi tatu za kunguru hazina namba. Siku hizo mpangaji alikula, mlo mmoja au miwili, lakini mama hakumwandikia sahani hata moja. Nilimuuliza kama alisahau. Akaniambia chakula kilichoanza kwa marehemu hakilipiwi. Hakuna aliyemfundisha hilo katika Kitamil, wala si sheria ya kalenda ile. Alichukua neno lake mwenyewe, tambiko, akalifunika juu ya jambo la mgeni, akaona linaenea, na akafuata adabu yake hadi kwenye hesabu. Kama kuna uhakiki bora wa maandishi ya Kihindu uliowahi kuandikwa kwa Kiswahili, kwangu mimi ni huo, na uko nyuma ya karatasi tatu kwenye waya.

Mpangaji aliondoka Novemba ile na hakurudi. Namba yake haipatikani tena. Gazeti haliwezi kusahihisha aya ya miaka hiyo, kwa hiyo naisahihisha hapa: mnunuzi wa Kinyangiri alisimamisha mizani Jumanne saa tisa kwa sababu ya dini yake, na mwandishi hakumuuliza.

Mwaka huu chumba cha uani kimepata mnunuzi mwingine, naye ni wa kusini. Juzi mama amenipigia simu anataka nimtafutie tarehe mbili, giza la Aadi na giza la Purattasi, ili ajue mapema siku za kununua mchele mzuri. Sufuria, ameniambia, anayo.